Mayi ya Bene Bulbeni

Yaya Kisimba,

Miye njo Kalasa, mudogo yako ya tumbo moya, muntu aliyelisha batayo muzima ya basoda ya kofia ya bluu mu hii muji. Kama si miye na masufuria yangu, vita ya hapa ingeisha kwa njaa mbele ya risasi kuisha. Bakubwa yao balijua. Moya alinipa mukono mbele ya bote. Weye ulikuwa unasemaka haukusikia hiyo habari, lakini ulisikia, juu nilikuambia mara nyingi.

Ninakuandikia juu siku ya posho, jumamosi, ni kusema kesho kutwa, tutatosha kilio yako, tutamaliza matanga. Mwaka imeisha. Bibi yako Agata amepika munkoyo, kinywaji ya mahindi, ameita bantu ya Lukafu bote banaoikala huku mujini. Kisha ataleta ile chupa. Unaijua. Ameifunga mu kitambaa cheupe, ameiweka yulu ya kabati pamoja na picha ya ndoa yenu, na ndani mayi ingali, kimo ya vidole viwili. Anataka nisimame, nisimulie namna nilipanda mulima ya Bairlande, kisha nimwage ile mayi yulu ya kaburi yako. Lakini mbele ya kuimwaga iko neno ya kumaliza kati yangu na weye. Nitaifikia. Usinisukume. Ulikuwa na ile tabia ya kunisukuma.

Kwanza habari. Ile bendera ya kujitenga, ya misalaba ya shaba, balishaishusha, na bale balioipandisha banasema sasa habakuipenda hata siku moya. Barabara ya Lukafu imefunguka, basoda na miti yao ya kufunga njia bametoka. Mutoto yako Ngoyi amerudi kulima shamba yako chini ya mulima ya Kundelungu. Mistari yake inapinda sawa nyoka amelewa, na nilimwambia. Bibi yako angali hapa kwangu Kampemba, anaamuru nyumba. Kitanda yako nilimupa muntu. Kiti yako, hapana. Kuku analala yulu yake, na kila asubui ninamufukuza.

Na weye ukakufwa. Haraka ya bure, sawa muntu anayekimbilia gari moshi ambayo haikuwa hata ya kwake.

Sasa ile safari. Bantu banapenda paka mwisho yake tu, banasahau namna ilianza. Serjan ya jikoni ya basoda, muntu ya Bairlande, ule tulimuita Tomati juu jua ya hapa ilimupika uso siku ya kwanza na hakupona tena, alianguka kutoka yulu ya kamyo na gunia ya viazi mugongoni. Muguu ikavunjika fasi mbili. Vita yote ile, risasi hapa, bombe kule, na yeye anavunjwa na viazi. Wakati balikata shauri ya kumurudisha kwao, akasema haendi bila mupishi yake. Bengine banasema alitafuta paka muntu ya kubeba masanduku tu. Bale bengine habakuwa mu ile chumba.

Wakati nilikuya kukuaga, weye ulikuwa umelala kwangu, tumbo imevimba, mwezi mbili toka utoke Lukafu. Uliniangalia kwa jicho moya. Ukasema, "Kalasa Bubongo." Njo jina ulinipa toka utoto, Bubongo, muntu ya uongo, na bantu bote balilishika sawa nilibatizwa nalo. Ukasema ulisikia nimekamata simba ya Lufira kwa mukia, ulisikia nimelala na mamba mu mutumbwi moya ku Pweto, na sasa unasikia Bulaya. Nikaapa kwa jina ya mama. Kisha mukono yako ikatoka chini ya blanketi na chupa tupu ya dawa.

"Kila mulima iko na mayi yake," ukasema. "Niletee ya ule. Nitaionja. Kama ni ya bubongo nitajua. Na uombe bene yake, benyewe mulima, mbele ya kuchota."

Ya kuonja, hakuna aliyekuwa na shaka. Pale Lukafu balikuletea mayi mu vikombe vitatu ukiwa umefungwa macho, ukasema hii ya mutoni, hii ya chemchemi ya mawe mekundu, na hii ya tatu ni ya kisima ya katekista na iko chura alikufwa ndani. Katekista alikasirika siku tatu. Siku ya ine akamutosha chura.

Na ya kuomba bene, hiyo pia najua. Ku Kundelungu muntu hachote mayi sawa muvamizi. Anasimama, anatia unga kidogo chini, anataja jina ya baba yake na fasi anatoka, anabaambia bene bulongo, benyewe udongo, bale balikuwa pale mbele yetu na bangali pale, kwamba anaomba. Baba alitufundisha. Weye ulishika. Miye nilipata batizo na darasa ya tatu, na nikaona ile ni mambo ya bashamba.

Basi tukaenda. Ndege yenyewe ilikuwa kubwa sawa kanisa, na mule ndani baridi sawa kaburi. Unisamehe, sasa unaijua kunishinda. Mbele ya kuingia mu mawingu ya Bulaya, rubani alikuya kuniangalia. Nilikuwa nimefunga macho, ninamufikirishia njia. Akaona niko imara, akarudi kuendesha.

Yaya, ile inchi haifae. Mvua yao haina akili. Ya kwetu inakuya, inapiga, inamaliza, inaenda. Ya kwao inaanguka asubui mpaka mangaribi bila kusema inataka nini, sawa mugeni anayesimama mulangoni, haingie, haondoke. Mashamba yao iko madogo sawa leso, na kila leso bameizungusha ukuta ya mawe. Niliuliza banafungia nini mule ndani. Niliangalia mwenyewe: mawe ingine. Na banachoma bulongo. Ninakuambia bulongo, udongo myeusi, bananyofoa chini, banaikausha, banatia mu moto, kisha banaizunguka na uso ya furaha. Kwetu muvivu ya mwisho anapata kuni.

Chakula, usiniulize. Viazi asubui, viazi midi, viazi mangaribi. Vile vile viazi vilimuvunja Tomati muguu na yeye angali anavikula, hakuna haya kati yao. Nilizunguka duka zote tatu ya kule nikitafuta unga ya bukari, ugali yetu, balinionyesha unga ya kufanya keki. Siku moya nikamupikia mama ya Tomati kuku, na pilipili niliyobeba toka hapa. Alilia kwa furaha. Tomati alisema ni pilipili.

Na bahari yao? Nyumba ilikuwa karibu nayo, na asubui ya kwanza nikaenda kuiangalia, juu nilisikia bantu banaisifu. Nikakuta haiko. Paka mucanga tu, na majani myeusi ya kuteleza, na bibi bazee wawili banaokota yale majani na kuitafuna mbichi sawa sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Nikarudi mbio kumwambia Tomati bahari yao imekauka. Akacheka mpaka muguu ikamuuma. Midi ikarudi yenyewe. Kila siku inaondoka, kila siku inarudi, sawa mulevi na nyumba ya bibi yake. Ziwa yetu Mweru ya Pweto inaikala fasi yake, muntu akiitaka anajua fasi ya kuikuta. Hiyo njo heshima.

Sasa mulima. Tomati alinionyesha kwa fimbo yake, na sauti yake ikabadilika sawa muntu anayeonyesha kaburi ya baba yake. Nikaangalia. Iko yulu ya majani yale ya mvua, peke yake, yulu yake imekatwa tambarare, mbavu zake zinashuka na mikunjo mikunjo mpaka chini. Yaya, nilisimama. Ilikuwa Kundelungu. Ilikuwa sawa muntu alisikia habari ya Kundelungu kwa mbali, akajaribu kuichonga, akachoka mbele ya kufika nusu. Hakuna muti. Hakuna swala. Hakuna hata nyani ya kukutukana. Paka kondoo tu, bamejibandika pale sawa pamba yulu ya shati. Nikasema kwa sauti, ile kwetu ni kichuguu. Nilisema mara mbili, juu Tomati hakusikia ya kwanza.

Nikamuuliza jina yake. Akasema: Ben Bulben.

Na hapa, Yaya, ndipo nilifurahi mara moya mu ile inchi. Juu nilisikia vizuri: Bene Bulbeni. Bene! Nikajua mwisho nimefika ku bantu benye adabu, banajua mulima iko na benyewe, na banaita mulima kwa jina ya kabila yake, Bene Bulbeni, sawa vile kwetu tunasema Bena fulani, bantu ya fulani. Maneno yako ikanirudia. Nikavaa koti, nikaenda mu kijiji, nikaanza kuuliza nyumba ya chifu ya Bene Bulbeni iko wapi. Nilikuwa na Kifaransa, na balikuwa habana. Nikapiga kifua, nikaonyesha mulima, nikasema: Bene? Bene? Muntu moya akanielekeza ku nyumba ya muntu anayeitwa Ben. Alikuwa muganga ya punda.

Balicheka, Yaya. Kijiji muzima. Balinipa bia na bakacheka tena. Mangaribi Tomati alimusimulia mama yake pale ku moto ya udongo, na ule mama, muzee muzima, anavaa viatu ya mwanaume, alikuwa peke yake hakucheka. Aliniangalia sawa vile weye uliniangaliaka, kwa jicho moya. Kisha akasema maneno murefu. Na Tomati, ambaye Kiswahili yake yote alijifunza mu jikoni yangu, akatafsiri.

"Mama anasema, mulima iko na bwana yake," akasema. "Bwana kali, nguruwe kali. Nguruwe piga bwana. Mukubwa yake iko na mayi mu mikono, mayi ya dawa. Lakini mukubwa iko na wivu. Mayi kwisha. Bwana kwisha."

Njo kila kitu alinipa. Hadisi ya mababu yao yote, na yeye anaitoa sawa anaagiza supu. Lakini mama aliona sikuelewa. Akasimama, akachovya mikono mbili mu ndoo, akakuya nayo imejaa mpaka mbele yangu. Akanionyesha muwindaji yuko chini, nguruwe ya pori amemupasua. Akanionyesha mukubwa yake, muntu ambaye mayi yoyote akiichota na mikono yake inaponya. Na anakuya na mayi, anafika karibu, anakumbuka huyu muwindaji njo alimuchukulia mwanamuke. Mama akafungua vidole. Mayi ikaanguka yulu ya moto, shhh. Akaenda tena ku ndoo. Akafungua tena. Mara ya tatu akafika na mayi yote, hakumwaga hata tone, na muwindaji alikuwa amekufwa. Pale pale ku ule mulima.

Nikamwambia Tomati: mukubwa gani huyo, mwenye mikono imetoboka. Kwetu angefukuzwa. Tomati hakutafsiri. Mama akaongeza neno moya, na hii Tomati aliisema polepole, juu ilikuwa bila masufuria ndani yake. Akasema benyewe bangali pale. Banasikia. Ukitaka mayi, basalimie, na usibadharau.

Asubui nikapanda na chupa yako. Nilikuambia tayari namna nilipanda, nilimwambia kila muntu, na siku ya posho nitabaambia tena. Hakuna haja ya kuirudilia hapa.

Kisha nikarudi. Wiki tatu tu nilikuwa kule, na hapa weye ulikuwa umekwisha kabisa, mifupa na macho. Bantu balijaa mu chumba: bibi yako, Ngoyi, majirani, katekista mwenyewe, naye alikimbilia huku mujini, na chura yake ya kale kati yenu. Bote balikuya kuona Bubongo ananaswa. Nikakupa chupa. Mukono yako haikuweza kuishika. Kikombe ilikuwa mbali, kwa hiyo nikamwaga mu kiganja yangu, nikakuinua kichwa, ukakunywa mule. Nilifunga vidole sana, Yaya. Sikufungaka vidole vile hata siku moya.

Ukaiweka mu mudomo muda murefu. Ukameza.

"Uliomba bene?" ukaniuliza.

Nikasema niliomba.

Ukafunga macho. Ukasema, "Iko na chuma ndani yake. Ule mulima yao iko na chuma." Kisha ukawageukia bote, ukasema ile neno nililingojea miaka makumi ine: "Kalasa alifika. Hii siyo bubongo."

Siku ya ine ukakufwa.

Na toka pale, Yaya, hakuna anayeshindana na miye. Nikisema simba, banasema simba. Banasema, marehemu Kisimba mwenyewe alionja. Katekista ananiita ku meza yake nisimulie wageni. Neno yako imekuwa karatasi yangu yenye muhuri, ninaenda nayo popote. Na ninakuambia, haina utamu. Zamani nilipodanganya, weye ulikuwa kwenye kiti yako na jicho moya, na miye nilikuwa na kazi. Sasa bananiamini bure, sawa bapumbavu. Hakuna hata moya mwenye ulimi ya kuonja.

Miezi hii yote ninafikiri ile neno ya chuma. Ulikunywa mayi ya pompi ya kona yetu miezi mitatu. Kila asubui ulilalamika. Ulisema inaonjeka sawa umelamba funguo ya kale. Bibi yako alichoka kukusikia, majirani balichoka. Weye uliyemujua chura kwa kikombe kimoya. Chuma, Yaya. Ukasema chuma, na macho umefunga, na ukasema Kalasa alifika.

Ule mukubwa yao alikuwa na mayi ya kweli na akaimwaga. Miye nilikuwa na mayi ya bubongo na sikumwaga hata tone. Sijue bene yake banahesabu namna gani.

Lala, Yaya Kisimba. Siku ya posho nitasimama, nitasimulia mulima vizuri kupita vile iko, na ile mayi ya vidole viwili nitaimwaga yulu yako mbele ya bibi yako, juu Agata hana kosa. Lakini wiki inayofuata nitapanda kamyo ya Lukafu. Nitaenda ku chemchemi ya mawe mekundu, nitatia unga chini, nitataja jina ya baba, nitaomba kwa mudomo yangu mwenyewe, na nitakuletea chupa nyingine. Ile utaionja, na hautanifunikia uongo.

Chupa ya kwanza niliijaza pale pompi ya kona, mbele ya kupita mulango ya nyumba. Sababu kule Bulaya sikufika ku mayi. Nilifika nusu, nikasimama nikivuta pumzi, nikautukana ule mulima kwa mara ya tatu, na hapo Bene Bulbeni bakatuma muntu yao. Nilishuka kwa matako mpaka ku barabara, chupa ikabaki na mimi lakini suruali hapana. Bantu bote banajua nilikutana na munyama kule. Banadhani ni nguruwe ya pori.

Ilikuwa kondoo, Yaya. Jike, na mutoto yake nyuma. Haikuwa hata na pembe.

Mudogo yako,
Kalasa